Jinsi Janga la UVIKO-19 Lilivyobadili Utafiti Kuhusu Uchovu Sugu wa Kazini

Tarehe 11 Machi, 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa ugonjwa wa UVIKO-19 umefikia kiwango cha janga la dunia. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 16 Machi Tanzania nayo ikathibitisha wa kwake. Katika miezi iliyofuata, hospitali zilielemewa, shule zilifungwa, na mamilioni ya watu duniani walihamishia ofisi zao nyumbani. Katika mazingira hayo, suala ambalo kwa karibu nusu karne lilikuwa likijadiliwa na wanasaikolojia na wataalamu wachache wa afya ya kazi liliingia katika vikao vya serikali, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kimataifa: mfanyakazi anapochoshwa na kazi hadi kuishiwa nguvu, chanzo ni udhaifu wake au ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa?

Makala haya yanaeleza chimbuko la utafiti kuhusu uchovu sugu wa kazini, namna janga lilivyoubadili, kasoro zilizojitokeza, na maana ya matokeo yake kwa mwajiri na mfanyakazi.

Maana na chimbuko la dhana

Uchovu sugu wa kazini si uchovu wa kawaida unaoondoka baada ya usingizi wa usiku mmoja au mapumziko ya mwisho wa wiki. Aliyeuandika kwanza kitaalamu ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi jijini New York. Akiwa katika kliniki iliyotoa huduma bure, alibaini kuwa wahudumu wa kujitolea waliokuja na ari kubwa walianza, baada ya muda, kuishiwa nguvu, kukasirika upesi na kuwatazama wagonjwa kwa dharau. Mwaka 1974 alichapisha maelezo ya hali hiyo, akitumia neno la mtaani lililotumika kwa watu waliodhoofishwa na matumizi ya muda mrefu ya dawa za kulevya.

Katika kipindi hichohicho Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiwahoji watumishi wanaofanya kazi na watu wenye shida. Mwaka 1981, akishirikiana na Susan Jackson, alitoa dodoso lenye maswali 22 ambalo hadi leo ndilo linalotumika zaidi duniani. Dodoso hilo hupima mambo matatu: kuchoka kihisia, kuwaona wahudumiwa kama vitu badala ya watu, na kupungua kwa hisia ya kufanikiwa kazini.

Mwaka 2019, miezi michache kabla ya janga, WHO ilifafanua upya dhana hiyo katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari, 2022. Kwa ufafanuzi huo, uchovu sugu hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi au kuichukia, na kushuka kwa ufanisi. WHO ilisisitiza mambo mawili: kwamba hali hii si ugonjwa bali ni jambo linalohusiana na ajira, na kwamba neno hilo lisitumike kueleza matatizo ya maeneo mengine ya maisha.

Utafiti ulikuwa wapi kabla ya janga

UVIKO-19 iliukuta utafiti huu ukiwa mkubwa kwa wingi lakini haujakubaliana juu ya misingi. Mwaka 2018 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti 182 zilizowahusisha madaktari 109,628 kutoka nchi 45. Waandishi walikuta kuwa kiwango cha madaktari waliotajwa kuwa na uchovu sugu kilitofautiana kutoka asilimia 0 hadi asilimia 80.5. Sababu kuu ilikuwa vipimo: katika tafiti hizo kulikuwa na tafsiri zisizopungua 142 za nani ahesabiwe kuwa amefikia hali hiyo.

Kasoro nyingine ilikuwa ya walengwa. Tafiti nyingi ziliwachunguza madaktari, wauguzi na walimu wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Mazingira ya kazi ya Afrika, yenye uhaba wa watumishi na vifaa, yalipata nafasi ndogo.

Hata hivyo kulikuwa na onyo la mapema ambalo halikupewa uzito unaostahili. Baada ya mlipuko wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003, watafiti nchini Kanada waliwafuatilia wahudumu wa afya 769, kati ya miezi 13 na 26 tangu mlipuko huo kumalizika. Waliofanya kazi katika hospitali za Toronto zilizopokea wagonjwa wa SARS walikuwa na uchovu sugu na msongo mkubwa kuliko wenzao wa hospitali za Hamilton ambazo hazikupokea wagonjwa hao. Kwa maneno mengine, virusi vilikuwa vimekwisha kuondoka lakini athari zake kwa wahudumu zilikuwa zingali hai.

Wimbi la tafiti, 2020 hadi 2022

Tafiti za kwanza za janga zilitoka China. Kati ya Januari 29 na Februari 3, 2020 watafiti waliwahoji wahudumu wa afya 1,257 katika hospitali 34. Asilimia 50.4 walikuwa na dalili za sonona, asilimia 44.6 dalili za wasiwasi na asilimia 34 walikosa usingizi. Utafiti huo haukupima uchovu sugu moja kwa moja, lakini uliweka mfano ulioigwa kote duniani: dodoso fupi, linalotumwa kwa njia ya mtandao, na matokeo yanayochapishwa ndani ya wiki chache.

Kufikia mwaka 2021 matokeo yalikuwa mengi kiasi cha kuwezesha mapitio ya jumla. Mapitio mamoja ya tafiti 16 zilizowahusisha wauguzi 18,935 yalionesha kuwa asilimia 34.1 walikuwa wamechoka kihisia kwa kiwango cha juu, ilhali asilimia 12.6 walikuwa wamefikia hatua ya kuwaona wagonjwa kama vitu. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ina uzito: wengi wa wauguzi waliochoka hawakuwa wameacha kuwajali wagonjwa wao.

Nchini Kenya, utafiti uliowahusisha wahudumu wa afya 433 katika hospitali tatu kubwa ulikuta dalili za uchovu sugu kwa asilimia 45.8 na dalili za sonona kwa asilimia 53.6. Nchini Ghana, watafiti walibaini kuwa wahudumu walioona vituo vyao havikujiandaa vya kutosha kukabili ugonjwa ndio waliokuwa na msongo na uchovu zaidi. Matokeo ya Ghana yalielekeza macho kwenye jambo linaloweza kurekebishwa: mafunzo, vifaa kinga na mawasiliano kati ya uongozi na watumishi.

Somo kubwa zaidi la takwimu lilitoka Marekani, ambako madaktari walikuwa wakipimwa kwa njia ileile tangu mwaka 2011. Mwaka 2017 asilimia 43.9 walikuwa na angalau dalili moja ya uchovu sugu. Katika kipimo cha mwaka 2020 kiwango kilishuka hadi asilimia 38.2. Lakini mwaka 2021 kilipanda hadi asilimia 62.8, kabla ya kurudi asilimia 45.2 mwaka 2023. Mtafiti aliyepima mwaka 2020 peke yake angeweza kuhitimisha kuwa janga halikuwadhuru madaktari, na aliyepima mwaka 2021 peke yake angeona maangamizi yasiyo na mwisho. Ni ufuatiliaji wa miaka mingi uliofichua mwenendo halisi: katika hatua ya mwanzo watu hujikaza, na madhara hujitokeza pale hatari inapodumu bila nafasi ya kupumzika.

Kasoro ambazo janga lilizianika

Kasi hiyo ilikuwa na gharama. Tafiti nyingi zilifanywa mara moja tu, bila takwimu za kabla ya janga za kulinganisha nazo. Washiriki walijichagua wenyewe, hivyo inawezekana waliojibu ni wale walioguswa zaidi, au kinyume chake, waliolemewa kabisa hawakupata hata muda wa kufungua dodoso. Baadhi ya tafiti zilitumia swali moja tu mahali pa dodoso zima.

Tatizo la pili ni matumizi ya dodoso kama kipimo cha hospitali. Dodoso la Maslach halikuundwa kumtambua mtu mmoja kuwa ni mgonjwa, na toleo la mwaka 2016 la mwongozo wake liliondoa mipaka ya alama iliyokuwa ikitumika kugawa watu katika viwango vya juu, vya kati na vya chini. Hata hivyo, tafiti nyingi za wakati wa janga ziliendelea kuitumia.

Tatizo la tatu ni mpaka kati ya uchovu sugu na sonona. Baadhi ya wataalamu, wakiwemo Renzo Bianchi na Irvin Schonfeld, wamekuwa wakidai kuwa hali hizo mbili zinaingiliana kiasi kwamba kuzitenganisha kunaweza kumnyima mgonjwa tiba anayoihitaji. Mwaka 2020 wawili hao walitoa dodoso linalopima dalili za sonona ambazo mhusika mwenyewe anazihusisha na kazi yake. Mwaka huohuo Wilmar Schaufeli na wenzake nchini Ubelgiji walichapisha kipimo kingine kinachoongeza, juu ya kuchoka na kujitenga na kazi, kushindwa kudhibiti hisia na kushindwa kumakinika. Vipimo hivyo vilibuniwa kabla ya janga kushika kasi, lakini janga ndilo lililovipatia uwanja mpana wa kujaribiwa.

Jeraha la dhamiri

Janga pia lilileta mbele dhana iliyotokana na uchunguzi wa askari waliorudi vitani: jeraha la dhamiri. Hili ni maumivu anayoyapata mtu anapolazimika kutenda, au kushindwa kuzuia, jambo linalopingana na maadili yake. Machi 2020 Neil Greenberg wa King's College London na wenzake walitahadharisha kuwa wahudumu wa afya wangekumbwa na hali hiyo, kwa kuwa wangelazimika kugawa rasilimali haba kati ya wagonjwa wenye uhitaji sawa.

Tofauti kati ya hali hizi mbili ina maana katika utatuzi. Aliyechoka kwa sababu ya zamu ndefu anaweza kusaidiwa na mapumziko na ongezeko la watumishi. Aliyejeruhiwa dhamiri kwa sababu mashine ya oksijeni ilikuwa moja na wagonjwa wawili hataponywa na likizo. Anahitaji maamuzi yanayobebwa na taasisi nzima kwa miongozo iliyo wazi, ili mzigo wa kuchagua usimwangukie mtu mmoja.

Nje ya wodi: nyumbani na darasani

Kabla ya mwaka 2020 utafiti kuhusu kufanya kazi nyumbani ulihusu kundi dogo la waajiriwa. Karantini iligeuza jambo hilo kuwa jaribio la dunia nzima. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kinadharia kwa nini mikutano ya video inachosha: kutazamana uso kwa uso kwa muda mrefu kupita desturi, kujiona mwenyewe kwenye skrini saa zote, kukaa bila kujongea, na akili kulazimika kutafuta ishara ambazo ana kwa ana huonekana zenyewe.

Ushahidi wa baadaye ulionesha kuwa tatizo halikuwa nyumba yenyewe. Jaribio lililofanywa katika kampuni moja kubwa nchini China kwa wafanyakazi 1,612, na kuchapishwa mwaka 2024, liliwagawa kwa nasibu kati ya waliokwenda ofisini siku zote na walioruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki. Waliopewa ruhusa hiyo waliacha kazi kwa kiwango pungufu kwa theluthi moja, na utendaji wao haukushuka. Huenda kinacholinda afya ni mfanyakazi kuwa na kauli juu ya ratiba yake, pamoja na mpaka unaoeleweka kati ya muda wa kazi na muda wa familia.

Kutoka kumlaumu mtu hadi kuichunguza kazi

Badiliko kubwa lililoletwa na janga ni la mtazamo. Kwa miaka mingi taasisi zilijibu uchovu wa watumishi kwa semina za kujiliwaza, mazoezi ya kupumua na ushauri wa kujenga ustahimilivu. Ushahidi wa kitaalamu ulikuwa tayari unaelekeza kwingine. Christina Maslach na Michael Leiter walikwisha kutaja maeneo sita ya kazi ambayo yakienda mrama huzaa uchovu sugu: wingi wa kazi, kauli ya mfanyakazi juu ya kazi yake, malipo na kutambuliwa, mahusiano na wenzake, haki, na maadili. Mwaka 2001 Evangelia Demerouti na wenzake nao waliweka nadharia inayosema kuwa uchovu huzuka pale madai ya kazi yanapozidi nyenzo alizopewa mfanyakazi.

Mapitio ya mwaka 2017 yaliyohusu madaktari 1,550 yalikuta kuwa hatua zilizolenga mpangilio wa kazi, kama ratiba na mzigo wa kazi, zilisaidia zaidi kuliko zilizomlenga mtu mmoja mmoja. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa taarifa za wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 nchini Uingereza. Walioshiriki programu za binafsi za ustawi hawakuonekana kuwa katika hali bora kuliko ambao hawakushiriki.

Wakati wa janga ukweli huu ulionekana kwa macho ya kila mtu. Muuguzi asiye na barakoa hakuhitaji kufundishwa ustahimilivu, alihitaji barakoa. WHO ilikadiria kuwa kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya na matunzo wapatao 115,000 huenda walifariki dunia kwa UVIKO-19. Hofu ya watumishi haikuwa ya kufikirika.

Utafiti wageuka kuwa sera

Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio kuwa saa ndefu za kazi zilisababisha vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016. Kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliingiza mazingira salama na yenye afya katika kanuni na haki za msingi kazini. Septemba mwaka huohuo WHO ilitoa miongozo kuhusu afya ya akili kazini, ikipendekeza hatua za kitaasisi pamoja na mafunzo kwa mameneja. Kwa mujibu wa mashirika hayo, siku za kazi zipatazo bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kutokana na sonona na wasiwasi.

Nchini Marekani, Machi 2022 ilisainiwa sheria ya kulinda afya ya akili ya watoa huduma za afya iliyopewa jina la Dkt. Lorna Breen, daktari wa wagonjwa wa dharura jijini New York aliyefariki Aprili 2020.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haitaji uchovu sugu kwa jina, lakini ina masharti yanayogusa vyanzo vyake. Kwa waajiriwa wengi, isipokuwa makundi yaliyotajwa na sheria kama vile baadhi ya mameneja, masharti hayo ni pamoja na:

- Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku.
- Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.
- Mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kwa wiki.
- Likizo ya mwaka ya siku 28 kwa kila mzunguko wa miezi 12.
- Likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Usimamizi wa mazingira ya kazi upo chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Migogoro ya ajira hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Mfanyakazi anayeona dalili za kuchoka zisizoisha, kukosa usingizi, kuichukia kazi aliyoipenda au kukata tamaa anashauriwa kwenda kituo cha afya mapema, kwa kuwa sonona na maradhi mengine ya mwili huweza kuwa na dalili zinazofanana na hizo. Aidha, anashauriwa kuweka kumbukumbu ya saa anazofanya kazi na kuwasilisha suala hilo kwa msimamizi wake au chama cha wafanyakazi.

Maswali yaliyobaki

Tarehe 5 Mei, 2023 WHO ilitangaza kuwa UVIKO-19 si dharura ya afya ya umma ya kimataifa tena. Tafiti za uchovu sugu hazikukoma, ila zimeingia hatua nyingine: kuwafuatilia watumishi walewale kwa miaka mingi, kulinganisha vipimo, na kujaribu hatua za kitaasisi kwa njia zinazoweza kuthibitisha matokeo.

Pengo kubwa zaidi kwa nchi za Afrika liko kwingine. Kwa takwimu za ILO za mwaka 2018, asilimia 85.8 ya ajira barani ziko katika sekta isiyo rasmi. Madodoso yaliyotajwa hapa yametumika zaidi kwa watu wenye mwajiri. Mama lishe anayewasha moto alfajiri, dereva wa bodaboda anayefukuzia hesabu ya tajiri na mchuuzi ambaye siku asipotoka watoto hawali, wote waliguswa na janga, lakini hawakuingia katika hesabu hizo. Hadi watakapopimwa kwa maswali yanayolingana na kazi yao, picha ya uchovu wa kazi nchini itabaki kuwa ya wenye ofisi na wodi peke yao.